Majani ya Ukingo wa Lwangali

Crispin Mgongolwa alikuwa mtu wa kumaliza kazi. Watu wa Lwangali walilisema jambo hilo kwa namna mbili. Aliyemwita kuezeka nyumba alilisema kwa shukrani, maana Crispin hakushuka kwenye paa mpaka fungu la mwisho la nyasi limefungwa. Aliyemwita kupatanisha ugomvi alilisema kwa kuchoka, kwa sababu hapo pia hakuondoka.

Ujanani aliwahi kufuata dhahabu Makongolosi, akachimba mashimo ya watu wengine mpaka kifua kikaanza kumsumbua. Akarudi Uhehe, akapelekwa hospitali ya misheni ya Tosamaganga kwa matibabu, na akiwa kitandani akaanza kusoma katekisimu kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kusoma. Aliimaliza. Baada ya ubatizo na mafunzo akatumwa Lwangali, kijiji cha mlimani chenye baridi, kuwa katekista, mwalimu wa dini wa kigango, kanisa dogo lisilo na padre wake. Huko akamwoa Verediana, wakapata mtoto wa kiume wakamwita Saulo. Watu wote, waliobatizwa na wasiobatizwa, walimwita Mwalimu.

Chini ya kijiji, mahali miteremko miwili inapokutana, palikuwa na kidimbwi. Maji yalitoka kwenye chemchemi, yakatulia hapo, kisha yakaendelea na safari yao bondeni kama kijito chembamba, yakipita katika vinyungu, bustani za mboga ambazo watu walilima kiangazi. Upande wa juu wa kidimbwi ilisimama miti mirefu ya zamani, matawi yake yameshikana kiasi kwamba hata saa sita mchana chini yake palikuwa na giza la jikoni. Katika kivuli hicho ardhi ilifunikwa na majani mafupi, manene, yenye unyevu, ya aina nyingi. Hakuna aliyejishughulisha kuyapa majina.

Mlinzi wa mahali pale alikuwa Bibi Sekalinga. Baba yake alipalinda kabla yake, na baba wa baba yake. Mvua zikichelewa, aliingia chini ya miti na unga mweupe wa mtama kiganjani, akaunyunyiza, akasema na masoka, yaani mizimu ya wahenga, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na jirani yake juu ya ua.

Mwaka 1951 mvua zilichelewa sana. Jumapili moja Crispin, akigawa vitabu vya nyimbo kanisani, aliona unga umeshika kwenye kucha za waumini wake. Siyo mmoja. Padre alipopita kutoka misheni, Crispin alimweleza. Padre alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wafundishe. Pole pole." Crispin alilisikia neno la kwanza.

Kiangazi kilichofuata aliwakusanya vijana wa kigango, wakashuka na mapanga na majembe. Miti hawakuigusa. Mzagila, ambaye ni mtawala mdogo wa eneo chini ya mtemi, alikuwa amekataza kukata mti wowote juu ya maji, na Crispin hakuwa mtu wa kuvunja amri. Walishughulika na vilivyokuwa chini. Walifyeka, walilima, waling'oa. Waliimba litania ya watakatifu, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia, na kila jina la mtakatifu lilikwenda na fungu la majani. Mchana ulipoisha, ardhi chini ya miti ilikuwa tupu na nyekundu, imefagiliwa kwa matawi kama uwanja wa harusi.

Bibi Sekalinga alikuja akasimama mbali. Vijana walitegemea laana, na wengine walikuwa wameshika misalaba yao mifukoni. Alitazama kwa muda, kisha akarudi nyumbani kwake kupika.

Hakuna aliyeugua. Hakuna ng'ombe aliyekufa. Crispin alifundisha juu ya jambo hilo Jumapili tatu mfululizo.

Kisha mvua zikaja. Mvua za nyanda za juu si za kishindo tu. Zinaweza kunyesha polepole kutwa, siku baada ya siku, na maji yakadondoka kutoka kwenye majani ya miti hata baada ya mbingu kunyamaza. Matone yale makubwa yaliipiga ardhi tupu ya ukingo. Udongo ulianza kuteleza, kwanza kama uji, kisha vipande vizima. Kidimbwi kikageuka rangi ya matofali. Upande ule wa miti ndiko ilikokuwa njia ya wanawake ya kuchotea maji, na njia hiyo ikawa utelezi mtupu. Apolonia, mjane aliyekuwa na kinyungu chake chini kidogo ya kidimbwi, alianguka na mtungi, akavunjika kifundo cha mkono. Mfupa uliungwa, lakini mkono ule haukurudi kunyooka sawasawa.

Kijijini palikuwa na maelezo mawili. Wengine walisema masoka yamekasirika. Crispin alisema ni udongo tu, udongo usiofunikwa huteremka, jambo hilo lingetokea mahali popote. Alilisema kanisani na kilabuni na porini kwenye kukata kuni. Haikumsaidia, kwa sababu kwa maelezo yoyote kati ya hayo mawili, mwenye kosa alikuwa yeye.

Verediana hakuwa na maelezo. Alikuwa na maji. Jioni moja aliweka mtungi mbele ya mumewe, akachota kikombe, akakiacha juu ya kigoda. Udongo ulitulia chini unene wa kidole.

"Baba Saulo," alisema, "ninyi mnabishana ni masoka au ni mvua. Mimi ndiye ninayechota."

"Udongo utatulia wenyewe. Mwaka kesho—"

"Mwaka kesho hapatakuwa na kidimbwi. Patakuwa na shamba la matope. Umepavua nguo pale mahali. Pavishe."

Crispin alikinywa kile kikombe, pengine kwa ukaidi, pengine kwa sababu alikuwa na kiu. Asubuhi alianza kazi ya kupavisha.

Alianza na ukoka, nyasi zile zinazotambaa, kwa sababu uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa na zilikuwa karibu. Alikata mabamba ya ukoka pamoja na udongo wake, akayabeba kwa machela, akayapanga ukingoni moja kando ya jingine. Palipendeza. Kwa wiki kadhaa alipita pale akiwa ameinua kichwa. Lakini ukoka ni mmea wa jua. Chini ya miti ile ulianza kuwa wa njano, kisha mweupe kama nywele za mzee, na mvua ya mwezi wa tatu ikayasukuma mabamba yote majini pamoja na udongo wake.

Akajaribu matembele. Aliwaza kwamba viazi vitamu huotesha mizizi kila kifundo na hufunika matuta haraka. Yalishika, lakini kwa kukosa jua yakarefuka, mashina membamba yakitafuta mwanga kama yanataka kupanda miti. Hayakufunika kitu. Na pale machache yaliyopata mwanga wa pembeni yalipotengeneza viazi, fuko walikuja. Fuko wakichimba ukingoni, huhitaji mvua ya kuubomoa.

Mara ya tatu alipanda magimbi. Hapo alichagua vizuri zaidi. Magimbi hupenda maji na hayachukii kivuli, na majani yake mapana yaliyapokea matone ya miti kabla hayajaipiga ardhi. Ukingo ulitulia msimu mzima. Hata Apolonia alisema, "Afadhali." Lakini magimbi huliwa. Ulipofika mwezi ule ambao ghala zimekwisha na mahindi mapya hayajakomaa, watu walishuka mmoja mmoja alfajiri wakachimba. Hakuna aliyeweza kuwalaumu, Crispin mwenyewe alikuwa na njaa. Kila gimbi lililotolewa liliacha shimo, na kila shimo lilibomoka kuelekea majini.

Baada ya magimbi, Crispin aliweka jembe chini. Alikuwa ameelewa kwamba anatafuta mmea wenye masharti mengi kuliko mchumba. Uwe wa kupenda kivuli. Uwe mfupi, maana wanawake walisema majani marefu kando ya maji ni nyumba ya nyoka. Mizizi yake ishikane. Ustahimili nyayo. Usiwe na kitu chochote chini ya ardhi ambacho binadamu au fuko angekitamani. Mmea wa namna hiyo, alijua, ulikuwapo. Ulikuwa umemea palepale kwa miaka isiyojulikana mpaka siku alipokuja na jembe.

Ndipo akaenda kwa Bibi Sekalinga.

Haikuwa safari rahisi, ingawa nyumba yake ilikuwa ya pili kutoka kanisani. Alimkuta barazani anapepeta ulezi.

"Kamwene, Bibi."

"Kamwene, Mwalimu. Keti."

Aliketi. Waliulizana habari za watoto, za mifugo, za kikohozi cha Crispin ambacho hurudi wakati wa baridi. Ungo uliendelea kupanda na kushuka.

"Bibi," alisema mwishoni, "nimekuja kuuliza. Chini ya ile miti. Kabla. Palikuwa na majani gani?"

Ungo ulisimama. Bibi Sekalinga alimtazama kwa mshangao wa kweli, siyo wa kejeli.

"Majani gani?"

"Yaliyofunika pale chini. Majina yake. Nataka kuyatafuta nirudishe."

Bibi akafikiri. Aliitazama mikono yake. "Nakumbuka ubaridi," alisema. "Niliingia bila viatu. Majani yalikuwa ya baridi miguuni, kama yamelowa siku zote. Mengine yalikuwa laini. Hayo ndiyo ninayoyakumbuka."

"Majina, Bibi."

"Nani anayataja majina ya majani yasiyoliwa na yasiyotibu? Mimi nilikuwa na shida zangu, nilikwenda pale kuomba mvua. Sikwenda kutazama chini." Akauchukua ungo tena, lakini hakuupepeta. "Mbona unaniuliza mimi? Mimi nilikanyaga tu. Wewe ndiye uliyeyang'oa. Uliyashika kwa mikono yako, shina kwa shina, tangu asubuhi mpaka jua kuzama. Hakuna mtu aliyewahi kuyashika yote ila wewe. Kama kuna anayeyajua, ni wewe."

Crispin alijaribu kuiona siku ile. Aliona mapanga, aliona migongo ya vijana, alisikia litania. Kuhusu majani hakukumbuka hata moja. Hakukumbuka kama yalikuwa na maua.

"Tulikuwa tunaimba," alisema.

"Niliwasikia," alisema Bibi Sekalinga. "Mliimba vizuri."

Alirudi nyumbani, akamweleza Verediana maneno yote kama yalivyokuwa, bila kupunguza. Verediana hakucheka wala hakumpoza. Alimwambia ugali unapoa.

Mwaka uliofuata, 1955, habari zilimfikia kwamba kaka yake mkubwa, Didas, amefariki Mbeya. Didas alikuwa seremala, ameishi mjini Mbeya miaka mingi, hakuoa. Crispin alipanda basi Iringa mjini, akasafiri kupitia Sao Hill na Makambako katika vumbi lililoingia mpaka kwenye meno. Alipofika, Didas alikuwa ameshazikwa. Mwenye nyumba alimopanga, Bi Mwanakhamisi, ndiye aliyeshughulikia kila kitu: alimwita mwalimu wa Wakatoliki aje kuomba, alitoa sanda, akawaambia majirani wake wa msikitini wabebe jeneza kwa sababu marehemu hakuwa na ndugu karibu na jua lilikuwa halingoji.

Bi Mwanakhamisi alikuwa mjane wa mfanyabiashara wa Pangani aliyeletwa bara na biashara ya samli, akafia huko huko. Alikuwa na mwili mnene na sauti ndogo. Alimpokea Crispin ukumbini, akamwacha alie kwanza, kisha akaleta chai ya rangi yenye harufu ambayo Crispin hakuifahamu, kali na baridi puani.

"Kunywa, mwanangu. Kaka yako aliipenda. Kila akirudi kazini, 'Bi Mwanakhamisi, niwekee majani yangu.'"

"Majani gani haya?"

"Nanaa. Hukuiona huko nyuma ulipokwenda kunawa?"

Hakuwa ameiona, alikuwa na msiba. Sasa aliinuka akaenda. Nyuma ya nyumba palikuwa na uchochoro kati ya ukuta wa bafu na ukuta wa jirani, mahali ambapo maji ya kuogea yalipita na jua halikufika isipokuwa kidogo asubuhi. Ardhi yote ya uchochoro ule ilikuwa ya kijani. Majani yalikuwa mafupi, yamesongamana, yamefunika mpaka kwenye ukingo wa mfereji, na watu waliyakanyaga wakienda kuoga, yakalala, yakainuka. Crispin alipiga magoti katika nguo zake za msiba. Aliingiza vidole. Chini ya udongo mashina meupe yalikuwa yamepita huku na huku, yamefumana kama mkeka. Alivuta moja. Likaja na urefu wa mkono, likiwa na mizizi kila kifundo.

Bi Mwanakhamisi alimkuta hapo.

"Umeangusha kitu?"

"Hapana, mama. Hii inaota kivulini hivi hivi?"

"Kivulini na majini. Juani hapa Mbeya inaota pia, lakini inanyauka kiangazi. Mume wangu aliileta kwenye kopo kutoka kwao. Kipande kimoja. Nikuambie ukweli, hii haina adabu. Ukiipa pembe inachukua uwanja. Mimi huikata kwa jembe kila mwaka isiingie kwa jirani, na bado tunagombana."

"Fuko wanaila?"

"Fuko?" Bi Mwanakhamisi alimtazama mgeni wake, akidhani huzuni imemchanganya. "Sijaona fuko wala panya wala mbuzi anayeigusa. Harufu yake wanaikimbia. Kwani wataka kupanda?"

Crispin akamweleza. Alianza na ukoka, akaendelea na viazi na magimbi, na mwishowe ikambidi arudi nyuma mpaka kwenye litania, kwa sababu bila hiyo hadithi haikueleweka. Mama yule alisikiliza ameegemea ukuta.

"Mliwafyekea mahali pao pa kuombea," alisema.

"Ndiyo."

"Na sasa unapanda."

"Maji yanaharibika."

Bi Mwanakhamisi aliingia jikoni. Alileta kopo la mafuta ya kupikia, akajaza udongo wenye maji, akachimba mashina mwenyewe kwa kisu cha jikoni, akayafunika kwa kipande cha gunia. "Usiliweke juu ya basi," alisema. "Lipakate."

Njia nzima ya kurudi Crispin alipakata lile kopo. Lakini alifanya jambo jingine pia. Basi lilipoharibika kabla ya Makambako na abiria wakashuka kungoja, aliingia kwenye korongo lenye mto na miti, akakaa chini kwenye kivuli, akatazama ardhi. Alitazama mpaka dereva alipopiga honi. Nyumbani aliendelea vivyo hivyo. Kila alipokwenda kutembelea wagonjwa au kufundisha wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa, katika vijiji vya mbali, alishuka kwenye makorongo, akashika majani kwa vidole, moja moja, akifumba macho kana kwamba mikono ingekumbuka kilichosahaulika na kichwa. Mara chache alidhani imekumbuka. Hakuwa na uhakika, na hakudai kuwa nao.

Alichagua hivi. Chini kabisa, ukanda uliogusa maji, akapanda nanaa. Katikati ya mteremko, ambako miguu ilipita kidogo, akapanda kongwe, lile jani la kutambaa lenye ua dogo la buluu ambalo wakulima hulichukia shambani kwa sababu halifi. Juu, kwenye mizizi ya miti, ambako giza lilikuwa zito, vyote viwili vilikataa. Akapanda kangaga, mimea ile isiyotoa maua yenye majani yaliyochanika kama manyoya, zile fupi za kwenye mawe yenye unyevu, siyo zile ndefu za porini. Verediana alishika nusu ya kazi, na ndiye aliyeamua njia ya kuchotea maji ihamishwe upande wa pili na iwekwe mawe.

Hapakuvutia mwanzoni. Palionekana kama kichwa chenye mapunye. Msimu wa kwanza nusu ya kongwe ilisombwa. Msimu wa pili nanaa ilikutana na nanaa. Kidimbwi kilibaki chekundu wakati wa mvua kubwa, lakini kikaanza kuwa cheupe baada ya siku chache badala ya wiki, na baadaye kikawa kinafanya ukungu tu. Mwaka 1957 mtu aliyeinama kuchota aliweza kuona mawe chini.

Nanaa iliendelea. Ilifuata kijito, ikaingia kwenye kinyungu cha Apolonia, ikazisonga kabeji zake. Apolonia alikuja kanisani akiwa ameshika fungu lake kwa ule mkono uliopinda, akaliweka juu ya meza ya katekista wakati wa mafundisho.

"Kwanza mkono, Mwalimu, sasa kabeji."

Tangu hapo Crispin alikwenda kila kiangazi kuchimba mtaro wa mpaka kati ya kidimbwi na kinyungu chake. Apolonia alisimama na kumwonyesha palipobaki.

Mzee wa kanisa, Ezekia, alikuwa na malalamiko ya aina nyingine. Alisikia kwamba mmea umetoka kwa Waislamu wa Mbeya. Alisema haifai maji ya Wakristo yanuke kama kahawa ya msikitini. Watu walicheka, na Verediana alianza kuweka nanaa kwenye chai ya wageni kila Ezekia alipokuja. Aliinywa.

Jambo kubwa lilitokea mwishoni mwa mwaka huo, mvua zilipochelewa tena. Asubuhi moja Crispin alishuka kuondoa magugu, akaona weupe juu ya nanaa. Alidhani ni umande ulioganda, ingawa majira ya baridi yalikuwa yamepita. Alipoinama aliona ni unga. Ulikuwa umenyunyizwa kwa mkono uliozoea, haukurundikana. Katikati ya majani palikuwa na alama mbili, mahali mtu alipopiga magoti, na majani yalikuwa yanaanza kuinuka.

Alisimama pale. Jembe lilikuwa mkononi. Haijulikani aliwaza nini, maana hakuwahi kulieleza jambo hilo kwa urefu, hata kwa mkewe. Kinachojulikana ni kwamba Ezekia alikuwa njiani na ng'ombe wake, akauona unga, akamwona na Mwalimu amesimama mbele yake.

"Utaung'oa?" aliuliza Ezekia.

"Niung'oe nini? Unga?"

"Hapo palipotiwa."

"Nikipang'oa, udongo utashuka."

"Kwa hiyo utaacha?"

Crispin aliinama akaendelea na magugu, akizunguka mahali palipokuwa na unga. Ezekia akawafuata ng'ombe wake.

Habari zilifika misheni. Padre aliyekuwapo wakati huo hakuwa yule wa zamani. Alikuwa mgeni, kijana, mwenye bidii. Alimwita Crispin, akamuuliza kama ni kweli aliona sadaka ya kipagani akainyamazia. Crispin alisema ni kweli aliona. Padre akamuuliza kama yuko tayari kupasafisha mahali pale na kuweka msalaba. Crispin alisema msalaba unaweza kuwekwa, lakini kusafisha hapana. Alikwisha kusafisha mara moja na ilimchukua miaka mitano kuondoa usafi ule. Padre alidhani anatania. Mwezi uliofuata alitumwa katekista mwingine, kijana aliyeitwa Timotheo, na Crispin akawa mkulima kama wengine.

Ilimuuma. Verediana alisema baadaye kwamba kwa wiki nyingi aliamka saa ya kupiga kengele, akavaa koti, kisha akaketi ukingoni mwa kitanda na koti lake. Jumapili alikaa benchi la nyuma. Timotheo alipokosea tarehe za sikukuu, Crispin alitazama paa.

Baadhi walitegemea kwamba Bibi Sekalinga angekwenda kumshukuru. Hakwenda. Siku moja tu, walipokutana kidimbwini, alivua viatu vyake vya matairi, akapita juu ya majani mpaka kwenye maji, akarudi.

"Pananuka," alisema. "Zamani hapakunuka hivi."

"Ndiyo, Bibi. Ile niliipata Mbeya."

"Na hii ya juu ni ngeni pia?"

"Hiyo sijui. Nilidhani ilikuwapo."

"Inaweza kuwa ilikuwapo," alisema Bibi. Akavaa viatu.

Alifariki katika baridi ya Juni mwaka 1958, bila ubatizo. Timotheo, ambaye hakuwa mtu mbaya, alitangaza kwamba Wakristo wasishiriki mazishi ya kimila. Wengi walitii, au walikwenda jioni kutoa pole kimya kimya. Crispin alitoka asubuhi na jembe begani, akapita mbele ya kanisa kwa sababu ndiyo njia. Wajukuu wa marehemu walikuwa wameanza kuchimba lakini ardhi ilikuwa ngumu na walikuwa wawili tu. Aliingia kaburini akawapokea. Alichimba mpaka kina kilipotosha, akanyoosha kuta kwa ubapa wa jembe, akatoa udongo uliomwagika chini kwa mikono, kisha akaomba asaidiwe kutoka.

Jioni Verediana alimpokea mlangoni na maji ya kunawa.

"Timotheo amepita," alisema. "Anasema atakuja kuongea na wewe kesho."

"Aje," alisema Crispin. Alinawa mpaka viwiko, akajifuta, akauliza kuna mboga gani.